Kopo la Bibi na Bei ya Shaba

Mpwa wangu alikuja likizo Desemba iliyopita kutoka Columbus, Ohio. Begi lilipofunguliwa sebuleni, kati ya viatu vya watoto na chupa za manukato za mamake, ikatoka soksi moja ya kijivu imefungwa fundo, nzito kama nanga ya ngalawa. Akaifungua, akamimina mkekani senti za Kimarekani, zile nyekundu zenye kichwa cha Lincoln, mia mbili na kitu.

"Mjomba, hizi zote ni za kabla ya 1982," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha hati ya shamba.

Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Umebeba vyuma kutoka Marekani, na pasi niliyokuagiza hukuleta."

Hesabu yake ni hii. Senti ya Marekani ilikuwa asilimia 95 shaba, uzani wake gramu 3.11. Mwaka 1982 shaba ilikuwa imeshawawia ghali, wakabadilisha: ndani zinki, nje ngozi nyembamba ya shaba, gramu 2.5. Ukizitazama ni pacha. Basi kuna watu huko, na mpwa wangu ameshakuwa mmoja wao, huenda benki wakachukua senti kwa mabunda, wakakesha wakizichambua kama mama na mchele wake. Za shaba huwekwa, za zinki hurudishwa. Shaba iliyo ndani ya senti 1 ya zamani siku hizi ina thamani ya senti 3 na zaidi. Unatoa moja, unapata tatu.

"Nani akununulia?" nikamuuliza.

Hapo akajikuna kichwa. Tangu Desemba 2006 ni marufuku kuziyeyusha, na hata kutoka nazo nchini kuna kipimo: msafiri asizidishe za dola 5. Ndiyo maana soksi ilikuwa moja. Kwa hivyo anachokiweka ni shaba asiyoweza kuiuza kama shaba, akingojea siku sheria itakapolegezwa. Yeye ana matumaini, kwa kuwa Novemba 2025 Marekani ilipiga chapa senti yake ya mwisho ya matumizi ya kila siku kule Philadelphia. Lakini zilizoko bado ni pesa halali, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ujanja wa mchezo wao. Shaba ikianguka kesho, senti 1 inabaki senti 1, anairudisha dukani. Anachoweza kupoteza ni usingizi tu.

"Na nyinyi huku hamna zenu?" akauliza.

Nikaenda kabatini nikatoa kopo la bibi.

Kopo lenyewe ni la Kimbo, maandishi yameshafutika, na bibi ninayemsema ni mzaa mama, aliyekuwa akiuza viungo dirishani kwake Kibokoni, Mombasa: bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga. Alipofariki watu waligawana makabati, masinia na mapambo. Kopo halikutakiwa na mtu, likaja kwangu. Ndani mlikuwa na sarafu za tundu tupu, senti 1, senti 5 na senti 10, na kumi nyingine zimefungwa peke yake kwenye kipande cha kanga. Fundo nililifungua siku ile ile nipate kuhesabu, nikazimwaga na wenzake. Nyumbani kwetu kopo lile lilitajwa kila mtoto alipoomba hela ya barafu: "Mwaona bibi yenu alivyojua kuweka akiba?" Akiba haiozi, wakatwambia. Shaba nayo haiozi, lakini kwa hewa hii ya chumvi hufanya kutu ya kijani, na nyingine zilikuwa zimeshaanza.

Wazo la mpwa wangu, la kuokota shaba kutoka kwenye chenji, nililijaribu siku ya pili. Nilichomoa sumaku ya spika mbovu, nikamwaga mezani sarafu zote za nyumba. Shaba haishikwi na sumaku, chuma hushikwa. Shilingi moja ya twiga ya 2018 ikarukia. Shilingi ya Kenyatta ya 2005, ikarukia. Shilingi ya 1995, ile yenye rangi ya manjano iliyotufanya tudhani serikali imekuwa tajiri, ikarukia pia, kumbe ni chuma kilichopakwa. Huku kwetu mtu akitaka kuchambua chenji atachambua chuma na chuma.

Na hiyo chenji yenyewe iko wapi? Supamaketi zilishatuzoesha kurudishiwa peremende. Muuza kahawa wa jioni, aliyekuwa akigonga vikombe huku mfuko wa koti ukilia, sasa ana namba ya kulipia ameiandika kwa kalamu ya wino mzito. Nikimtumia shilingi ishirini kwa M-Pesa huwa nacheka moyoni. Pesa ni paisa ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba iliyokuwa ikiingia 64 kwenye rupia moja. Babu zetu waliposema "pesa" walimaanisha kipande hicho hasa, si mali kwa jumla. Shaba ilikufa, jina likahamia kwenye simu mwaka 2007. Ng'ambo ya mpaka ni vivyo hivyo: hela wanayoihangaikia Watanzania ilikuwa sarafu ya Mjerumani.

Nina binamu anayefanya kazi hotelini Diani, na yeye ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye bado anapokea shaba mkononi. Wageni humpa bakshishi kwa sarafu za kwao. Maduka ya kubadilisha fedha yanataka noti, sarafu hawazishiki, kwa hivyo yeye huzikusanya mpaka ampate mgeni anayerudi nyumbani ambadilishie. Senti nyekundu za Yuro hakuna anayezitaka, zimebaki kwenye chupa ya jemu. Tulizipitisha sumaku tukiwa na hamu, zikakwama zote. Za Uingereza zilitupa raha kidogo, kwa kuwa peni 1 na peni 2 zao zilikuwa shaba nyekundu ya kweli mpaka 1992. Chupa nzima tulipata nne. Binamu akaniuliza nne ni bei gani. Nikamwambia aendelee kuomba noti.

Turudi kwenye kopo, kwa sababu shaba iliyomo haina shaka. Senti za tundu zilipigwa chapa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Zanzibar, kuanzia miaka ya ishirini mwanzoni mpaka baada ya uhuru. Za mwisho, za 1964, hazina jina la mfalme wala malkia. Ni shaba kwa zaidi ya asilimia 90, na bati na zinki kidogo. Upande mmoja zina pembe za ndovu zimelikumbatia tundu. Lile tundu liliwafaa watu wasio na mifuko, wakazitunga kwenye uzi, na mimi mwenyewe nimeona senti moja kwenye mlango wa zamani, fundi ameitumia kama waasha chini ya msumari. Pengine huyo ndiye aliyeipatia kazi nzuri kuliko sisi sote.

Mizani ya jikoni ilisoma kilo 1 na gramu 900 kopo zima. Mei 2024 bei ya shaba London ilipita dola 11,000 kwa tani. Hiyo ni dola 11 kwa kilo, kama shilingi 1,400 zetu. Kwa bei hiyo senti 10 ya bibi, yenye gramu tisa na nusu, ni shaba ya karibu shilingi 13. Nilipofika hapo nilisimama, nikazunguka meza. Sarafu iliyoandikwa senti kumi, ndani yake mna senti elfu moja na mia tatu!

Lakini London si Changamwe. Mnunuzi wa vyuma kuukuu niliyemwendea alitia mkono ndani ya kopo, akatoa moja, akaigonga kwenye zege, akasikiliza.

"Yakhe, hii si shaba ya waya. Ina mchanganyiko. Mia sita na hamsini."

"Kwa kilo?"

"Ulitaka kwa moja?"

Kisha akataka kitambulisho. Tangu Januari 2022, biashara hii ilipopigwa marufuku kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya minara ya umeme, aliyerudi kazini hataki mali asiyojua ilikotoka. Akaniuliza nimezitoa wapi. Nikamwambia za marehemu bibi yangu. Akanitazama, akasema, "Na wewe wauza za bibi yako?" Nikalifunika kopo. Kwa bei yake lote lingekuwa shilingi 1,235, ukitoa nauli ya tuktuk kwenda na kurudi, na kile kitu alichoniambia.

Ukitaka kujua kama bibi alifanya vizuri kuziweka, hesabu ifanye kwa mahamri, si kwa dola. Mama anasema utotoni mwake peni moja, yaani senti kumi, ilinunua mahamri mawili. Leo hamri mtaani kwetu ni shilingi kumi. Peni ile, kwa bei ya Changamwe, ni shilingi sita, zaidi kidogo ya nusu hamri. Kutoka mahamri mawili mpaka nusu. Ukiitazama kama pesa ndiyo balaa, kwa kuwa ingekuwa bado inapokelewa, ungehitaji mia moja upewe hamri moja. Kwa hivyo shaba ilikaza kuliko chapa iliyopigwa juu yake, hilo nalikubali na mpwa wangu. Ila jirani wa bibi aliyepeleka zake kwenye kiwanja Kisauni, wajukuu zake leo wanakusanya kodi, nami nakusanya kutu ya kijani.

Tofauti yetu na wale wa Ohio ni kwamba senti yao ina sakafu. Yetu ilishaondolewa sokoni zamani, haina duka la kuirudishia. Bei yake ni ile atakayoitaja mnunuzi, basi.

Kuna watakaosema: usiuze kwa kilo, uza moja moja kwa wakusanyaji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kila wiki huja tangazo kwenye simu kwamba ile shilingi 40 ya 2003, ya miaka arobaini ya uhuru, inanunuliwa kwa malaki. Jirani yangu mmoja alituma picha, akaambiwa amefaulu, atume ada ya usajili. Akatuma. Akaambiwa kuna ada ya bima. Akatuma. Sarafu anayo mpaka leo, ada hana. Anayenunua kitu kwa kweli hakuombi wewe pesa kwanza.

Ukale peke yake pia hauna bei. Ndani ya kopo tulipata senti 10 nene ya 1936, mpwa wangu akaikodolea macho, akaipekua kwenye simu yake, akaruka. Ina jina la Edward VIII! Huyu ndiye mfalme aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, akauacha ufalme Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke. Kwao Uingereza hakuwahi kuonekana kwenye sarafu za matumizi ya kila siku, kwa kuwa aliondoka kabla hazijatolewa. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuhitaji sura, jina lilitosha, kwa hiyo zikapigwa upesi na kusambazwa. Mwingereza hakumwona mfalme wake mfukoni, na mchuuzi wa Kibokoni alimtumia kununua maandazi. Nilimwona mpwa wangu akihesabu malaki kichwani. Kisha akaona bei. Zilipigwa kwa mamilioni, na huuzwa dola chache. Kinachohesabiwa ni zilibaki ngapi, na wangapi wanazitaka, na hali yake ikoje. Akakata tamaa, lakini aliipenda. Nikampa akaondoke nayo.

Kuna jambo moja sikumwambia, kwa haya.

Miaka mingi nyuma kopo lilikuwa na sarafu nyingine moja, isiyo na tundu. Juu yake imeandikwa Mombasa, 1888, na kwa upande mwingine kuna mizani na mwaka wa Kiislamu, 1306. Ni pesa ya kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon, iliyokodishiwa ukanda huu wa pwani na Sultani wa Zanzibar na kuutawala mpaka serikali ya Uingereza ilipouchukua 1895. Mizani hiyo ilikuwepo tayari kwenye pesa za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, za mwaka wa Kiislamu 1299, zilizokuwa zikitumika huku, na nadhani kampuni ilijua inafanya nini: mchuuzi akiona mizani, aione pesa anayoijua. Ndiyo sarafu pekee ninayoijua ambayo mji wangu umeandikwa juu yake.

Ilikuwa nyeusi. Nami nikafanya kama nilivyoona wanawake wa kwetu wakifanya kwa birika na masinia siku ya kuamkia Idi. Nikaipaka ukwaju, nikatia chumvi, nikasugua kwa majivu. Iling'aa kama meno ya bwana harusi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mjuzi wa vitu vya kale, nikaiweka kiganjani mwake, nikangoja sifa. Akaigeuza mara moja tu.

"Ushaiosha?"

"Nimeisafisha, ndiyo."

"Basi."

Hakusema zaidi, akanirudishia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule weusi ni ngozi ya shaba yenyewe, imejiota polepole kwa zaidi ya miaka mia, na ndiyo inayoilinda. Asidi ya ukwaju hula ngozi hiyo, majivu hukwaruza kinachobaki, na mkusanyaji huona mara moja, kama unavyotambua ukuta wa mawe uliopigwa rangi ya mafuta. Yenye weusi wake ingefikia makumi ya dola, yangu ikawa ya dola chache, na pengine hata hizo kwa huruma. Kuuza kwenyewe kungekuwa na shughuli, maana sheria ya makumbusho ya 2006 inavihesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Kwa hivyo ukipata ya namna hii, usiioshe. Iache ilivyo, ikunje kwenye karatasi kavu, mbali na mifuko ya plastiki laini inayotoa jasho, na ukiwa na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tia kimoja. Na uandike umeipata wapi. Mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mtu aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa. Za aina hiyo Kilwa zipo kwa maelfu, na kwa uzani wake hazijazi kijiko. Lakini kwa kuwa ameandika mahali alipoziokotea, wanahistoria bado wanabishana zilifikaje huko. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpwa wangu ameshaondoka, na nilikuwa karibu kumaliza makala hii kwa kusema kwamba kama bibi aliweka akiba basi aliweka vibaya, lakini nimempenda kwa kujaribu. Jana usiku nikawa mezani napima tena nipate hesabu sawa. Mama akapita na kikombe chake cha maji.

"Zile kumi za robo umezitia wapi?"

"Robo gani, mama?"

"Robo ratili. Zile za kwenye kanga. Mawe ya mizani ya bibi yako yalikuwa yamepotea, akawa apimia peni kumi. Sharti ziwe nene, zile za zamani. Zile nyembamba alizitia koponi atumie moja moja akipunguza na kuongeza."

Nikamuuliza, na akiba?

"Akiba gani? Bibi yako alikuwa na akiba? Akiba yake ilikuwa sisi tunakula."

Nikazimwaga mezani nikazitafuta nene, za kabla ya vita na wakati wa vita, unazijua kwa kidole. Ni kweli si nyingi. Nilipata tisa. Mizani ikasoma gramu 101. Ratili ni gramu 453 na nusu, robo yake ni 113 na kitu, wakia nne. Ongeza moja inakuwa 112. Wateja wa bibi walikuwa wakipunjwa gramu moja na ushei ya bizari kila wakija, na kwa sarafu zilizolika kwa mikono ya watu miaka arobaini, hiyo ni haki kuliko mizani nyingi za Kongowea.

"Ya kumi iko wapi?" Mama alikuwa bado amesimama.

Nikamwambia iko Columbus.

"Mwambie airudishe. Robo haijatimia."

Nikamwandikia mpwa wangu usiku huo huo. Alfajiri nikakuta jibu, lina picha. Sarafu ya Edward iko juu ya kitambaa cheupe inang'aa, na chini ameandika kwamba ataileta mwaka huu inshallah, nisiwe na wasiwasi, ameshaiosha kwa siki.